Usimsubiri Ng'ombe wa Oktoba

Oktoba ni mwezi mbaya wa kuuza ng'ombe mkoani Shinyanga. Malisho yamekauka, malambo yamebaki tope, na ng'ombe aliyekuwa amenona mwezi Juni anafika mnadani Mhunze mbavu zikihesabika. Wanunuzi wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mwezi huohuo vyuo vinafunguliwa, na kwamba mzee aliyesimama na fimbo yake kando ya dume lililokonda huenda ana mtoto anayetakiwa kuripoti chuoni Dodoma au Mlimani, Dar es Salaam, wiki ijayo. Mzee wa namna hiyo habishani bei kwa muda mrefu.

Mpunga nao una yake. Kahama na Shinyanga Vijijini huvuna kati ya Aprili na Juni, na wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo gunia linakwenda kwa bei ya kutupa. Anayeweza kulilaza gunia hadi Januari au Februari hulipwa vizuri zaidi. Pamba hununuliwa kuanzia Mei, fedha zinapitia kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na kufikia Septemba wengi wameshazimaliza kwa madeni ya pembejeo, mabati na harusi. Ukivuka kwenda Geita, kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, hakuna msimu kabisa. Duara linaweza kutema leo, kisha likakaa kimya miezi mitano.

Chuo chenyewe hakijui mambo hayo. Kina kalenda yake: usajili Oktoba au Novemba, muhula wa pili kuanzia Machi, mitihani Julai, halafu fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kalenda hizi mbili, ya nyumbani na ya chuoni, hazijawahi kukaa meza moja. Ndiyo sababu katika vikundi vya akiba ninavyovihudumia kuanzia Kahama hadi Katoro nasikia lalamiko lilelile, kwamba mtoto wa chuo anamaliza hela. Wakati mwingine ni kweli hela haipo. Lakini tukikaa na daftari na kuandika kila kilichoingia nyumbani kwa mwaka mzima, mara nyingi tunakuta hela ilipita. Ilipita mwezi ambao haikuhitajika, na ilipohitajika ikawa imekwisha.

Kwa hiyo sitaandika hapa jinsi ya kumfundisha mtoto kubana matumizi. Vijana wengi wanaotoka huku kwetu wanajua kubana kuliko wanaowafundisha. Nataka tuzungumzie namna ya kuzivunja fedha zinazokuja kwa mafungu makubwa ziwe fedha za kila siku, kwa sababu mzazi anapokea mafungu, na mtoto naye chuoni anapokea mafungu.

Tuanze na fungu la mtoto. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Pamoja na ada, hukopesha fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa Sh8,500 kwa siku. Mwaka wa masomo 2022/23 kikapandishwa hadi Sh10,000. Fedha hizo hazilipwi kila siku. Hutoka kwa awamu, kila awamu ikiwa ya takriban siku 60. Mwanafunzi anathibitisha malipo kwenye mfumo wa kidijiti, benki inaingiza, na kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki mbili kwa mkupuo anajikuta na Sh600,000.

Mzazi aliyeko Kishapu akisikia laki sita anashusha pumzi. Anasema huyu sasa anajitegemea. Hapo ndipo hesabu inapohitaji kufanywa polepole.

Tuseme mtoto yupo Dodoma, hakupata nafasi kwenye hosteli za chuo, na amepanga chumba mtaani, geto kama wanavyosema, kwa Sh60,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh2,000 kwa siku. Katika zile Sh10,000 amebakiwa na 8,000. Chai na chapati mbili asubuhi, tuiweke Sh1,500. Wali maharage mchana kwa mama ntilie, Sh2,000. Ugali na mboga usiku, Sh2,000. Jumla ya chakula ni Sh5,500. Zinabaki Sh2,500 za nauli, bando, sabuni na kuchapisha kazi za darasani. Bei hizi ni za mfano, kila mji una zake, lakini hesabu inakaa. Si maisha ya anasa, ila mtu anakula na kusoma.

Sasa mwenye nyumba anaingia. Hataki Sh60,000. Anataka kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo kawaida ya wenye nyumba wengi mijini kwetu. Hiyo ni Sh360,000, na anaitaka kabla hajatoa ufunguo. Ukiitoa kwenye Sh600,000 za bumu la kwanza zinabaki Sh240,000. Gawa kwa siku 60: Sh4,000 kwa siku. Chakula peke yake tumesema ni Sh5,500. Mtoto hajanunua simu, hajaenda disko, hajamnunulia mtu chipsi kuku, na tayari ana upungufu. Ataanza kupiga pasi ndefu, yaani kunywa chai asubuhi na kuunganisha moja kwa moja hadi chakula cha usiku. Ikifika wiki ya sita hata hiyo chai inaondoka.

Ukiielewa hesabu hii, sehemu kubwa ya jambo umeshaielewa. Shida ya mwanafunzi huyu haitokani na ukubwa wa matumizi yake ya siku. Inatokana na gharama moja nzito, ya mkupuo, iliyoangukia kwenye fungu lililopangiwa chakula. Na gharama za mkupuo ndizo hasa mzazi wa Shinyanga na Geita anaziweza, kwa sababu yeye naye anapata kwa mkupuo. Ninachowashauri wazazi ni kwamba mzazi abebe kodi, bumu libebe chakula. Mzazi akilipa ile Sh360,000 mwezi Oktoba, laki sita ya mtoto inatosha siku zote 60 bila yeye kupiga simu ya kilio.

Kodi ya Oktoba basi itoke wapi? Itoke kwa ng'ombe wa Juni au Julai, akiwa bado ana mwili, fedha zikae mahali hadi Oktoba. Kodi ya pili huiva Aprili. Hiyo ibebwe na magunia ya mpunga yaliyolazwa hadi Januari au Februari. Mwenye pamba aweke kando fungu la mtoto siku ileile AMCOS inapolipa, kabla mabati hayajazungumziwa. Najua inavyokuwa ngumu kumwambia mzee wa Kisukuma auze ng'ombe mwezi ambao hana shida. Ng'ombe kwake si hela tu, ni heshima ya boma, na kumuuza bila sababu ni kama kujipunguza. Lakini sababu ipo, ila haijabisha hodi. Afadhali auzwe mmoja aliyenona kuliko wawili waliokonda.

Kuhusu hosteli, mtoto akipata nafasi kwenye mabweni ya chuo mzigo unapungua sana, maana ada ya kitanda kwa kawaida ni ndogo kuliko kodi ya mtaani. Nafasi ni chache na nyingi hupewa wa mwaka wa kwanza. Wanaokosa hubebana: mmoja ana kitanda, mwenzake analala naye kinyemela, wakiwakwepa walinzi. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto wao anabebwa. Ukiona hakuombi kodi wala hakutaji hosteli, muulize analala wapi.

Bumu la kwanza pia huchelewa. Wa mwaka wa kwanza lazima kwanza asajiliwe na chuo, akamilishe taarifa za benki na kuthibitisha malipo. Anayeendelea hutegemea chuo kiwasilishe matokeo yake. Wiki mbili, tatu, nne zinapita. Mtoto anayepanda basi Kahama akiwa na nauli tu, kwa matumaini kwamba bumu litamkuta huko, ataanza masomo kwa kukopa. Mpe chakula cha mwezi mmoja, mbali na kodi. Likitoka mapema hiyo itakuwa akiba yake ya kwanza.

Na wapo wasio na mkopo kabisa, au waliopangiwa sehemu tu. Sh10,000 ni kiwango cha juu, si haki ya kila mwombaji. Wachimbaji wadogo wana shida ya pekee hapa, maana hawana hati ya mshahara, na kwenye fomu mtu hajui aandike nini. Wapo wanaoandika kipato cha mwezi ule duara lilipotema, kwa fahari tu, mtoto anaonekana wa tajiri. Andika ukweli wa mwaka mzima, ukitoa na gharama. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wala usingoje wiki ya mwisho ya dirisha la maombi wakati mtandao umeelemewa. Asiporidhika na alichopangiwa, lipo dirisha la rufaa, na familia nyingi za vijijini huliacha lifungwe kwa kutojua.

Sasa tuje kwenye dhahabu, maana hapa ndipo penye hela nyingi na njaa nyingi kwa pamoja.

Duara moja huwa na watu wengi: mwenye leseni, mwenye duara, mfadhili anayelisha na kununua baruti, na wachimbaji wenyewe. Mwamba ukipatikana unagawanywa kwa viroba kila mtu kwa sehemu yake, kisha unapelekwa karashani kusagwa. Mchimbaji anaweza kukaa miezi mitatu akila kwa mkopo wa mfadhili. Siku duara likitema, analipa madeni yote na bado anabakiwa na fedha ambazo mwalimu wa sekondari hazioni kwa miezi sita. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, anauza mahali penye mizani na bei ya siku, halanguliwi porini kama zamani. Na dhahabu yenyewe imepanda bei kupita kiasi: Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 za Marekani kwenye soko la dunia. Kiroba kilichokuwa cha kawaida kimekuwa kiroba cha kusimuliwa.

Baba wa namna hii akimkumbuka mtoto wa chuo, anamkumbuka kwa kishindo. Anatuma milioni moja na nusu usiku saa nne, anapiga simu kutoka mahali penye muziki, anamwambia mwanangu soma, baba yupo. Halafu miezi mitatu simu haipatikani. Nimekaa na vijana waliolelewa hivi. Wamejifunza kuomba kwa kusikiliza sauti. Sauti ya baba ikichangamka wanaomba kila kitu, hata wasichokihitaji, kwa sababu hawajui mlango utafunguka lini tena. Ukimuona kijana huyo chuoni ana simu ya bei na hana hela ya chakula, usiseme ni mjinga. Amefanya alichofundishwa: kula siku ya mavuno.

Kwa mchimbaji nina utaratibu mmoja tu. Siku duara limetema, baada ya kumlipa mfadhili na kabla ya kukaa na wenzako, lipa kodi ya chumba cha mtoto moja kwa moja kwa mwenye nyumba, uchukue na risiti. Kama kuna ada iliyobaki, ilipe kwa namba ya malipo ya chuo. Kisha tenga chakula cha miezi miwili na ukiweke mahali ambapo hutakifikia kwa kubonyeza simu. Vitu vitatu. Baada ya hapo sherehekea, hela ni yako.

Mahali pa kuweka pana maana kubwa. Mwaka 2013 wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha utafiti wao wa magharibi ya Kenya, ambamo waliwapa wanavikundi sanduku la chuma lenye kufuli ili waweke akiba ya afya. Sanduku lile halikuwa na riba wala ulinzi wa ajabu, lakini liliongeza akiba na matumizi ya kinga za afya. Fedha iliyotengwa na kupewa jina inakupa sababu ya kukataa kuitoa. Ndugu akija kuomba unamwambia, hii ni ya kodi ya mtoto, na hakuna atakayekuona mchoyo. Hela isiyo na jina ni ya kila mtu.

Huku kwetu tayari tuna vyombo vya kutosha, ila tarehe zake hazijakaa sawa. Vikundi vingi vya VICOBA huvunja na kugawana Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Mzazi wa mwanachuo anakaa Oktoba na Novemba akikopa kwa riba, ilhali hisa zake zimo kwenye sanduku la kikundi. Kikundi chenye wazazi watatu au wanne wa wanachuo kinaweza kukubaliana kuvunja mwishoni mwa Septemba. Katiba ni yao wenyewe. Kwenye mchezo, ule wa kupokezana, mama mwenye mtoto chuoni aombe zamu ya Oktoba tangu mwanzo wa mzunguko, na ya Aprili kama ana majina mawili. Nimeona akina mama wa soko la Katoro wakibadilishana zamu kwa sababu hii na wala hakuna aliyenung'unika. Mwenye fungu kubwa zaidi anaweza kutumia akaunti tofauti ya benki na kutoa maagizo ya kudumu, benki imtumie mtoto kiasi kilekile kila baada ya wiki mbili bila kumkumbusha mtu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nao unafaa, maana fedha haitoki papohapo kama kwenye simu, lakini haifungwi kwa miaka.

Nimetaja wiki mbili kwa makusudi. Mzazi akituma kila siku anaumia kwa makato, na mtoto anadai kila mara na ya kutolea. Akituma ya mwezi mzima, wiki ya nne huwa nyembamba. Kila baada ya wiki mbili, siku inayojulikana, kiasi kinachojulikana, hata kama ni kidogo. Sh30,000 zinazokuja bila kuombwa zina thamani kuliko Sh100,000 zinazokuja baada ya simu sita, kwa sababu kijana anaweza kupanga. Mama anayeuza samaki sokoni na hana pato jingine la maana anaweza kumshinda mwenye duara kwa jambo hili peke yake.

Simu zenyewe tunazipiga vibaya. Mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula mama."

"Haya, soma."

Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mama yake hajala, hasa akijua mama mwenyewe hana. Swali la kula lina jibu moja tu. Uliza lingine: hela uliyonayo ni ya siku ngapi? Hilo halimwaibishi mtu. Akisema ya siku tisa, na siku ya kutuma ni baada ya siku kumi na nne, mmeshajua pengo lilipo kabla halijawa njaa. Baada ya muda yeye mwenyewe ataanza kuhesabu hela kwa siku na kuachana na kuhesabu noti, na hilo ndilo somo lote la fedha za kujikimu.

Kumdai risiti ya kila chapati hakusaidii. Mtu mzima wa miaka 21 akifanyiwa ukaguzi kama karani wa stoo hujifunza kutunga mahesabu. Kinachotosha ni muhula mmoja, karatasi moja, mkikaa naye likizo: kodi, chakula, nauli, vingine. Aandike mwenyewe.

Chakula cha nyumbani kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, mradi kitumwe kwa akili. Mabasi yanayotoka Kahama kupitia Nzega, Igunga na Singida hadi Dodoma hubeba viroba kila siku. Kwa mtoto aliyepanga mtaani mwenye mtungi mdogo wa gesi, debe la mchele wa Kahama, karanga, dagaa wa Ziwa Victoria na kifungu cha nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, ni wiki kadhaa za mlo wa jioni. Kwa aliye hosteli, ambako kupika chumbani kwa kawaida ni marufuku, mchele ni mzigo wa kugawia marafiki. Mtumie karanga zilizokaangwa na matobolwa, kiazi kilichochemshwa kikakaushwa, ambacho hakihitaji jiko. Michembe, kiazi kilichokaushwa kikiwa kibichi, inahitaji kupikwa, iache. Mzazi wa Geita mwenye mtoto kwenye chuo cha SAUT kule Nyegezi, Mwanza, ana nafuu ya pekee tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025: foleni ya kivuko haipo tena, kiroba kinafika siku ileile.

Eneo ambalo wazazi wengi hawalioni ni fildi. Mwenye mkopo wa mafunzo kwa vitendo hupata hadi Sh10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, na kwa ukamilifu wake hiyo ni Sh560,000. Vijana wengi hung'ang'ania kufanya fildi Dar es Salaam, wakilipa chumba na daladala, na fedha yote inaishia hapo. Kama kozi inaruhusu, ofisi ya halmashauri ya Kahama, Msalala au Geita, hospitali ya wilaya, shule ya jirani, hata kampuni za migodini, zinapokea wanafunzi. Mtoto analala kwao na kula kwao. Mzazi atumie watu anaowafahamu kumtafutia nafasi tangu Aprili. Ile fedha ikibaki, hata nusu yake, ndiyo ya kufungulia mwaka unaofuata bumu likichelewa.

Isipokuwa familia iichukue, na hapa niseme kitu ambacho hakisemwi sana. Wapo wanachuo wanaotuma bumu nyumbani. Mdogo wake amefukuzwa shule kwa mchango, bibi anaumwa, mvua zimegoma. Simu inapigwa: mwanangu, tunajua umepata, tusaidie kidogo. Hakuna mtoto wa huku atakayekataa, na mimi sisemi akatae bibi yake anapoumwa. Nasema tu kwamba bumu ni deni lililoandikwa jina lake. Awamu nne za laki sita ni Sh2,400,000 kwa mwaka, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Ukichukua laki kwake leo, umekopa kwa mgongo wake. Iandike kwenye daftari la nyumbani na uirudishe mpunga ukiuzwa.

Pengo lisipozibwa na nyumbani huzibwa na wengine. Simu ya mwanafunzi imejaa watu wanaotaka kumkopesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii, ile mikopo kausha damu, mtu akichelewa kulipa huwapigia watu wote waliomo kwenye simu yake: mhadhiri, mchungaji, mjomba. Wavulana nao hujaribu kuizidisha hela ya chakula kwa kubeti, mkeka mmoja baada ya mwingine. Kwa binti mambo ni mazito zaidi, kwa sababu siku ya kumi bila hela kutakuwa na mtu mzima mwenye gari aliye tayari kusaidia, na msaada huo una bei. Mzazi anayesema sitaki kusikia habari hizo ajue kwamba binti yake amemsikia, na hatampigia simu siku atakapomhitaji. Mwambie mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba akikwama kwa kosa lolote, hata akiwa ameliwa na mkeka au amekopa kwenye programu, aanzie nyumbani.

Na mwaka ukiwa mbaya, pamba imeliwa na wadudu au duara limejaa maji, mwambie mapema vilevile. Wazazi wengi huficha ili mtoto asome kwa utulivu, kisha Novemba anagundua mwenyewe mbele ya mwenye nyumba. Akiambiwa Agosti ana miezi miwili ya kufanya kitu: kuomba kitanda hosteli badala ya mtaani, kutafuta wenzake wawili wa kugawana chumba, kuandaa vielelezo vya hali ya nyumbani kwa ajili ya rufaa Bodi, kuomba chuo kilipe ada kwa awamu, au kwenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambayo kazi yake ni hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza kilichoikuta familia hupatikana kwa urahisi Agosti akiwa bado yupo nyumbani. Akiwa Dodoma mwezi Novemba, ataisubiri kwenye basi pamoja na matobolwa.